Chambua ya Jikoni, Chambua ya Darasani

Jioni, katika kijiji chochote cha Kata ya Kurui, utamkuta binti wa kidato cha pili amekaa juu ya kigoda, ungo magotini, anachambua matembele. Anatenga jani na kikonyo, anatupa lililotobolewa na wadudu, anabakiza la kuliwa. Mikono inajua kazi yake. Asubuhi ya pili yake mwalimu wa Kiswahili anaandika ubaoni: "Chambua dhamira tatu zilizomo katika shairi hili." Binti yuleyule anaitazama sentensi hiyo, anaitazama tena, kisha anaanza kulieleza shairi upya kwa maneno yake, ubeti baada ya ubeti, mpaka karatasi inajaa. Hakuchambua, amesimulia. Atapata alama mbili kati ya kumi, na mwalimu atasema kwamba watoto wa siku hizi Kiswahili hawakijui.

Anakijua. Neno lililomwangusha ni kazi aliyoifanya kwa mikono yake jana jioni. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba wanachambua pamba, wanawake wa Pemba wanachambua karafuu, na yeye anachambua mboga. Kote humo maana ni moja: kutenga vilivyoshikamana ili kila kimoja kionekane peke yake. Hicho ndicho anachotakiwa kulifanyia shairi. Hakuna aliyemwambia kwamba chambua ya ubaoni na chambua ya ungoni ni neno moja, na yeye, kwa heshima aliyonayo kwa shule, hakuthubutu kudhani hivyo.

Nataka kulieleza jambo hili polepole, kwa sababu naamini ndipo kosa kubwa la ufundishaji wa msamiati kwa vijana wetu lilipo. Tunawafundisha vijana wenye Kiswahili kana kwamba hawana Kiswahili. Tunawapa maneno mapya kama mtu anayemgawia mgeni sahani, wakati nyumbani kwao kabati limejaa.

Kurui ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, katika nchi ya Wazaramo. Ni nchi ya mihogo, mikorosho na minazi, na ya magunia ya mkaa yanayosafiri kwenda Dar es Salaam. Bibi wa huku anazungumza Kizaramo, ndugu wa karibu wa Kikwere, Kikutu, Kikami na Kiluguru. Mjukuu anamsikia bibi vizuri, lakini anamjibu kwa Kiswahili. Kwa hiyo tukiuliza lugha ya kwanza ya kijana wa Kurui leo ni ipi, kwa wengi jibu ni Kiswahili. Ndicho alichokitumia kulia, kuomba, kugombana na kucheza. Jambo hili ni adimu kuliko tunavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya Tanzania watoto hukutana na Kiswahili wakiwa tayari wana lugha nyingine kinywani.

Sasa mtazame mwalimu wake. Huenda ametoka Kagera, Mara au Mbeya. Kiswahili amekipata shuleni na chuoni, ni cha vitabuni, safi, kimepangwa kwa ngeli. Kwa hiyo darasani Kurui hutokea hali ambayo sijaona ikizungumzwa vya kutosha: mwanafunzi ndiye mwenye lugha kwa kuzaliwa, mwalimu ndiye mwenye lugha kwa kusoma. Kila mmoja ana nusu. Mwanafunzi ana maneno ya kazi, ya shamba, ya jikoni, ya matusi na ya mapenzi, na anayatumia bila kukosea upatanisho hata mmoja. Mwalimu ana maneno ya kujadili maneno: dhamira, maudhui, taswira, kiima, kiarifu. Somo zuri la msamiati ni lile linalozikutanisha nusu hizi mbili. Somo baya ni lile ambalo nusu ya mwalimu inaifukuza nusu ya mwanafunzi nje ya mlango.

Kuna sababu nyingine inayofanya kipindi hiki kiwe na uzito. Kijana akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala wake haujaisha hadi leo. Matokeo yake ni kwamba kipindi cha Kiswahili kimebaki kuwa karibu mahali pekee shuleni ambapo kijana anaweza kufikiri hadi mwisho wa fikra bila kukwama kwenye neno. Tukikitumia kipindi hicho kukaririsha orodha, tumemnyima hata hapo padogo.

Orodha yenyewe tunaijua sote. Mwalimu anasoma kifungu cha habari, anachagua maneno 10 magumu, anayapanga upande wa kushoto wa ubao, na kulia anaandika maana: tathmini, pima; athari, matokeo; bainisha, onyesha. Wanafunzi wananakili. Ijumaa kuna jaribio. Wengi wanapata, na kila mtu anaridhika.

Kisha mwambie kijana atunge sentensi kwa neno tathmini. Ataandika: "Mama alitathmini unga kilo mbili." Tukicheka tutakuwa tumemwonea, kwa sababu amefuata maelekezo yetu sawasawa. Tulimwambia tathmini ni pima, naye mama yake hupima unga. Ambacho orodha haikumwambia ni kwamba tathmini hukaa na vitu visivyowekwa kwenye mizani: mradi, utendaji, hasara ya mafuriko, mchango wa mwandishi. Neno lina majirani zake. Pasi hupigwa, simu hupigwa, hodi hupigwa, magoti hupigwa, mswaki hupigwa, na hakuna mtoto wa Pwani aliyewahi kufundishwa hilo kwa orodha. Aliwasikia majirani hao wakiitana miaka na miaka. Kujua neno, basi, ni kujua linakaa na nani, linasemwa wapi, na nani na kwa nani, na limezaa watoto gani. Kisawe ni mlango tu. Orodha humwacha kijana mlangoni.

Hilo la watoto wa neno ndilo ninalotaka kukaa nalo zaidi, kwa sababu ndipo utajiri wa Kiswahili ulipo. Mbinu nyingi za kufundisha msamiati zinazozunguka duniani zimetungwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo maneno yake mengi ni mayatima: anayejua jina la kuiba hawezi kulitumia kukisia jina la mwizi. Kiswahili hakiko hivyo. Mzizi hukaa katikati, viambishi vikaja mbele na nyuma, na ukoo mzima ukaota: pika, pikia, pikika, pikisha, mpishi, upishi, mapishi, pishi. Kijana wa Kurui anayejua kubangua korosho hahitaji kufundishwa mbanguaji, ubanguaji, banguliwa wala bangulika. Anayo tayari, hajui tu kwamba anayo. Mitihani yetu inayo mada ya unyambulishaji, lakini tunaifundisha kama sarufi, kwa jedwali la kauli za tendwa, tendea, tendeka, na tunasahau kuifundisha kama ghala la msamiati.

Chukua kauli moja tu, ya kutendua. Bibi anaanika makopa asubuhi, wingu likitanda anaanua. Anafunika chungu, anafunua. Anabandika sufuria jikoni, anabandua. Anakunja mkeka, anakunjua. Mtoto wa miaka sita anazijua jozi hizi zote. Sasa mpeleke kijana wa miaka kumi na sita hatua moja mbele. Nyuzi zikishikana zinatatana. Kutoka hapo kuna utata, tatiza na tatizo, na anayezifungua nyuzi hizo anatatua, kazi yake ni utatuzi. Macho hufumbwa na kufumbuliwa. Neno lililofumbwa ni fumbo, na kulifungua ni kufumbua, ndipo tunapopata ufumbuzi. Kijana aliyepita njia hii haambiwi tena kwamba utatuzi na ufumbuzi ni visawe, basi. Ataona mwenyewe kwamba kwenye utatuzi kuna fundo linalofunguliwa, na kwenye ufumbuzi kuna kitu kilichofichika kinachofichuliwa. Mgogoro wa mpaka wa shamba unahitaji utatuzi, kwa sababu kila mtu anauona. Ugonjwa wa mikorosho usiojulikana chanzo unahitaji ufumbuzi kwanza.

Na hapo ndipo maneno ya mtihani yanapoanza kuvua joho lao. Changanua: vilivyochanganywa vinarudishwa kila kimoja mahali pake, na ndiyo maana tunachanganua sentensi. Pambanua: vilivyopambana, vilivyokutana uso kwa uso, vinatenganishwa ili tofauti zao zionekane. Pembua: ni kazi ya ungo, kurusha nafaka ili makapi yatoke, na kutoka ungoni neno limepanda hadi wizarani, ambako hakuna barabara inayojengwa bila upembuzi yakinifu. Chuja: ni tui la nazi, kisha ni mchujo wa wagombea. Chambua tumekwisha kuiona. Angalia kwamba karibu maneno yote tunayoyatumia kumwambia kijana "fikiri kwa makini" yametoka jikoni na uwanjani kwa bibi yake. Wazee waliotupa lugha hii walikwisha kuona kwamba kufikiri ni kutenga, na waliliona hilo mikononi mwao. Hakuna sababu ya kumficha mtoto urithi huu.

Mfano mmoja zaidi, kwa kuwa tuko Uzaramo. Wazaramo wana sifa ya uchongaji. Kile kisanamu kidogo cha mwana hiti, anachokabidhiwa binti anapowekwa ndani, kimefika hadi kwenye makumbusho ya Ulaya. Anza somo na chonga. Mwanafunzi wa dawati la mbele anacho kichongeo cha penseli. Wa nyuma atasema mti umechongoka. Wa tatu, anayekwenda Dar es Salaam kila likizo, atasema kwa sauti ya chini kwamba mtaani mchongo ni nafasi ya kupata pesa. Liandike nalo ubaoni. Kisha mwalimu anatoa chongea, kumsemea mtu ubaya kwa mkubwa wake, na mchongezi anayefanya hivyo. Je, chongea naye ni wa ukoo wa chonga, au wamefanana sura tu? Liache darasa libishane. Nusu saa ya ubishi juu ya neno moja ina faida kuliko maneno 10 yaliyonakiliwa kimya, kwa sababu kijana hukumbuka alichokitetea.

Ipo familia ya pili ya maneno, na hii hukua kwa namna nyingine. Maneno mengi ya taaluma katika Kiswahili yana asili ya Kiarabu, na ukoo wao hautambuliwi kwa mwanzo wala mwisho bali kwa konsonanti tatu zinazobaki huku irabu zikibadilika. Darasa na madrasa. Kitabu, katibu, katiba, maktaba. Hukumu, hakimu, mahakama. Fikiri, fikra, tafakari. Vijana wengi wa Kisarawe wamepita madrasa, masikio yao yamezoea mwendo huu bila kuelezwa. Waonyeshe kwamba tathmini na thamani ni ndugu. Waambie watafute herufi zinazofanana, waache wazipate wenyewe, na yule wa "mama alitathmini unga" atajisahihisha bila kuambiwa: kutathmini ni kutafuta thamani ya kitu, na unga wa mama haukuwa ukitafutiwa thamani. Waonyeshe kwamba taswira imetoka kwenye sura. Taswira katika shairi ni sura inayochorwa akilini. Nimesoma fasili ndefu za taswira zisizofika mbali kuliko sentensi hiyo.

Njia hii ina mitego, na mwalimu mwaminifu ataionyesha mapema. Si kila kinachofanana ni ndugu. Mtoto wa Kurui anaishi katika kata, anateka maji kwa kata ya kifuu, anaweka kata ya kitambaa kichwani abebe ndoo, na anakata kuni. Mengine kati ya hayo huenda yana uhusiano, mengine yamekutana njiani tu. Kamusi hutenga maneno ya namna hii kwa namba ndogo juu ya neno, na kijana asiyejua maana ya namba hizo huchukua ya kwanza anayoiona.

Kamusi nayo inahitaji kufundishwa, jambo tunalodhani linajifundisha. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981 chini ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ikafuata 2015. Mpe kijana mojawapo, umwambie atafute maana ya "hawakupambanuliwa". Atakwenda kwenye H. Hatapata kitu, ataifunga, ataamini kwamba kamusi haina maneno. Ili afike lilipo, anapaswa kuvua ha-, wa-, -ku-, halafu -liwa, arejeshe -a, ndipo aende kwenye P. Huo uvuaji ni ujuzi wa msamiati kamili, na unaweza kufundishwa hata darasa zima likiwa na kamusi moja iliyochakaa: maneno 5 ubaoni, kila mmoja aseme angeenda herufi gani na kwa nini.

Umri wa ujana nao una madai yake, na Uzaramo una kumbukumbu nzuri zaidi ya jambo hili kuliko vyuo vyetu. Kabla ya shule za kata, vijana wa umri huohuo walikuwa na shule yao ya lugha: jando kwa wavulana, unyago kwa wasichana. Mwali wa Kizaramo alifundishwa ndani, akatolewa, akapelekwa chini ya mti wa mkole. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyeishi na Wazaramo, aliandika kwa kina mwaka 1970 juu ya mila hizo na alama zake. Sisemi turudishe unyago darasani. Kuna siri zake ambazo si za shule, na kuna mambo yake ambayo wazazi wenyewe wameyaacha. Ninasema tuangalie jinsi walivyofundisha maneno.

Hawakutoa orodha. Neno lilikuja na kitu kinachoshikika, kinyago au chombo au rangi. Likaja na wimbo na mwili unaocheza. Likaja limefumbwa, na kijana akadaiwa alifumbue. Usiku wa pili aliulizwa tena, na wa nne, na akikosea alirudishwa. Baada ya hapo neno lilimtambulisha: anayelijua ni mtu mzima, asiyelijua ni mtoto. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuonyesha jinsi jambo lililokaririwa linavyomomonyoka haraka saa na siku za mwanzo, na jinsi kulirudia kwa vipindi vilivyoachana kunavyolihifadhi. Makungwi, walimu wa unyago, walikuwa wakiifanya kazi hiyo bila kuipima. Kiswahili chenyewe kimehifadhi kumbukumbu yake: somo ni kinachofundishwa darasani, na somo ni yule mtu wa karibu anayemlea na kumfunda mwali. Neno moja kwa fundisho na kwa mfundishaji.

Kijana anataka neno limpe hadhi. Hili si kasoro, ndiyo nguvu inayozalisha misimu. Vijana wa Kisarawe, kwa ukaribu wao na Dar es Salaam, wanabadilisha misimu kama nguo. Walimu wengi huipiga marufuku mlangoni. Naona ni hasara. Daladala lilikuwa neno la mtaani, leo liko kwenye kamusi na kwenye hotuba. Mpe kijana kazi hii: habari moja ya ajali ya bodaboda, aiandike mara tatu, kama anavyomwambia rafiki, kama anavyomwambia bibi, na kama anavyomwandikia mtendaji wa kata. Mara ya tatu atahitaji majeruhi, chanzo, uzembe, mashuhuda. Atayatafuta kwa kuwa anayahitaji, na neno lililotafutwa kwa haja halisahauliki kirahisi kama lililogawiwa. Wala hatakuwa ameaibishwa kwa lugha aliyokuja nayo. Aibu ndiyo adui mkubwa wa umri huu. Kijana aliyechekwa mara moja kwa kutamka neno vibaya atatumia maneno madogo anayoyaamini hadi kidato cha nne.

Na Kizaramo? Nacho kina nafasi, hata kama ratiba haina kipindi chake. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 na kamati iliyoanza kazi 1930, lakini hakikubaki Unguja. Kilipohitaji jina la makao ya rais kilichukua ikulu kutoka bara kwa Wanyamwezi. Ng'atuka limetoka kwa Wazanaki, na taifa zima lililijua kwa Mwalimu Nyerere alipoachia madaraka 1985. Kijana wa Kurui akileta neno la bibi yake la aina ya udongo au la hatua fulani ya kutengeneza mhogo, na Kiswahili cha kitabuni hakina neno fupi la kitu hicho, aliandike na maana yake. Asiambiwe si Kiswahili. Aambiwe bado.

Kuna kundi jingine la maneno linalonisikitisha zaidi. Katika shule ya msingi mtoto alijifunza usanisinuru: mmea unasanisi chakula kwa nuru. Ni neno lililoundwa vizuri, linajieleza lenyewe. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema maneno hayakuwapo. Lakini akivuka kwenda sekondari, neno hilo linaachwa getini pamoja na kaptula ya darasa la saba. Anakabidhiwa la Kiingereza analolikariri bila kuliona ndani, na la Kiswahili linakufa kwa kutotumika. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kubadilisha sera, lakini anaweza kuchagua kifungu cha ufahamu kinachohusu mmomonyoko wa udongo, au malaria, au misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iliyo katika wilaya yao wenyewe, na humo usanisinuru, uoto, ikolojia na mazalia ya mbu vikapata pa kuishi. Mfano wa neno jipya lililopona upo. Baada ya Sensa ya 2022, walimu walikabidhiwa vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Neno ambalo wengi hawakuwa wamelisikia lilikaa midomoni mwa nchi nzima kwa muda mfupi, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa mkononi. Neno linaloshikika halihitaji kukaririwa.

Mtu atauliza: darasa lina wanafunzi 60, vitabu havitoshi, muhula ni mfupi, haya yote yatafanyika lini? Ni swali la haki. Jibu langu ni kupunguza. Wamarekani Isabel Beck, Margaret McKeown na Linda Kucan, katika kitabu chao cha 2002, walishauri mwalimu asihangaike na maneno ambayo mtoto ameshayasikia nyumbani, wala asianze na ya kitaalamu ya fani moja, bali ashike yale ya katikati yanayojirudia katika kila fani ya kusoma na kuandika. Kwetu hayo ni kama athari, msingi, husika, mtazamo, pambanua, tathmini, kinzana, mintarafu. Maneno 6 kwa wiki yanatosha. Jumatatu yanatoka kwenye kifungu, Jumatano yanapandishiwa ukoo wake, Ijumaa yanatumiwa kubishana. Wiki ya tatu yanarudi bila kutangazwa. Daftari la maneno la kila mwanafunzi lisiwe na safu mbili za neno na maana, bali ukurasa mmoja kwa mzizi mmoja, wenye nafasi ya kuongeza miezi ijayo.

Haya yote yana mpaka, na mpaka wake ni kusoma. Mwalimu akifundisha maneno 6 kila wiki kwa miaka minne bila kukosa hata moja, hatamaliza 1,000. Mengine lazima yaingie kimyakimya kwa kusoma riwaya, magazeti, tamthilia, hata maelekezo ya dawa ya kupulizia mikorosho. Kibaha, makao makuu ya mkoa huuhuu, kuna Shirika la Elimu lililoanza 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, na lina maktaba. Kijana wa Kurui hawezi kupanda gari kila Jumamosi kwenda kuazima kitabu. Sanduku la vitabu 40 vinavyozunguka kati ya shule za kata jirani, mwezi hapa, mwezi kule, lingebadilisha msamiati wa vijana hao kuliko semina nyingi za mbinu. Hili ningeomba lisikiwe na wenye bajeti.

Lakini hata kabla ya sanduku hilo, kuna kazi ya nyumbani isiyogharimu senti. Mwalimu awaambie: leo mkifika, muulizeni mzee mmoja hatua zote za mhogo, tangu shambani hadi bada mezani, na kila hatua muandike kitenzi chake. Kesho yake ubao utajaa. Kung'oa, kumenya, kupasua, kuanika, kuanua, kutwanga, kuchekecha, kusonga. Yatakuwamo mawili au matatu ambayo mwalimu, aliyekulia kwenye migomba, hajawahi kuyasikia. Atauliza maana. Binti wa ungo wa matembele atasimama, ataeleza, na mwalimu ataandika. Kisha mwalimu atafungua kitabu kwenye shairi la jana, atasema sasa tulifanyie hili kama mhogo: tulimenye kwanza, tuone ganda ni lipi.